Amepata 80, Mbona Kawekewa Kosa?

Mwezi huu naomba tuziweke kando habari za homa na lishe, tuingie kwenye hesabu. Najua wengine mmeshakunja uso. Nivumilieni kidogo, kwani jambo hili limeletwa na mwenzetu, na ni jambo linalosumbua nyumba nyingi huku kwetu, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Tandale na Bunju, hasa miezi ya kuelekea mtihani wa darasa la saba.

Mwenzetu huyo ni fundi wa kushona huko Mbagala. Ameandika kwamba binti yake yuko darasa la saba, na jioni huenda tuisheni pamoja na wenzake wa mtaani. Walipewa swali la kutafuta eneo. Jibu la binti lilikuwa 80, na jibu alilotoa mwalimu ubaoni lilikuwa 80. Hata hivyo binti amewekewa kosa, na pembeni yake yameandikwa maneno kwamba amekisia. Mtoto amerudi analia, hataki tena kwenda. Baba naye amesema kama ni kukisia, basi fedha ya tuisheni ikome, mtoto abaki nyumbani asaidie kazi. Mama anauliza: "Sista, mimi niliishia la saba na hesabu zilinishinda. Nitajuaje kama mwanangu amekisia au ameelewa?"

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alikuja na binti na daftari lake. Swali lenyewe ni hili:

Nyumba ya mstatili ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Imezungukwa pande zote na baraza ya saruji yenye upana wa mita 2. Tafuta eneo la baraza.

Chini yake binti alikuwa ameandika mstari mmoja tu: 40 × 2 = 80.

Sasa, hiyo 40 imetoka wapi? Kwenye swali hakuna 40. Ndiyo maana mwalimu akashuku, na kwa haki yake mtu yeyote anayesahihisha madaftari mengi kwa usiku mmoja angeshuku. Lakini kabla ya kumhukumu mtoto au mwalimu, hebu tulifanye swali sisi wenyewe. Chukua kalamu na karatasi. Chora mstatili mdogo, ndiyo nyumba. Chora mwingine mkubwa unaouzunguka, ndio mwisho wa baraza. Eneo tunalolitafuta ni lile lililo katikati ya mistatili hiyo miwili, mfano wa fremu ya picha.

Mtego wa kwanza upo hapo hapo. Baraza iko pande zote, kwa hiyo urefu unaongezeka huku na huku. Urefu wa nje si 12, ni 10 na 2 na 2, yaani 14. Upana wa nje si 8, ni 6 na 2 na 2, yaani 10. Mtoto aliyeongeza 2 mara moja tu atapata 12 kwa 8, ambayo ni 96, atatoa 60 ya nyumba, ataleta 36. Na msidhani atagundua mwenyewe kwamba amepotea. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania lilianza kutumia fomu zinazosahihishwa kwa mashine katika mtihani wa darasa la saba, watoto wakawa wanasiliba herufi ya jibu. Katika maswali ya namna hiyo, majibu ya uongo hayawekwi ovyo. Hiyo 36 utaikuta imekaa pale inamsubiri.

Njia wanayofundishwa wengi darasani ni ya kutoa. Eneo la nje ni 14 mara 10, sawa na 140. Eneo la nyumba ni 10 mara 6, sawa na 60. Toa 60 katika 140, unabaki na mita za mraba 80. Ni njia safi. Mimi binafsi naipenda kwa sababu haina kona za kukusumbua.

Wako watoto wasiopenda kutoa. Wao hukata baraza vipande vinne na kuvijumlisha: upande wa mbele, wa nyuma, na pande mbili za ubavuni. Hapa ndipo kona zinapowamaliza. Mmoja atasema mbele na nyuma ni 10 mara 2, ubavuni ni 6 mara 2, ajumlishe 20, 20, 12 na 12 apate 64. Amezisahau kona nne. Mwingine atasema mbele na nyuma ni 14 mara 2, ubavuni ni 10 mara 2, ajumlishe 28, 28, 20 na 20 apate 96. Huyo amezihesabu kona mara mbili mbili. Tazameni jinsi ilivyo: kila kona ni 2 mara 2, yaani 4, na kona nne ni 16. Aliyesahau amepungukiwa 16 kutoka 80, na aliyerudia amezidisha 16. Mama ukijua hilo tu, unaweza kulitazama jibu la mtoto na kumwambia amekosea wapi, hata kama hesabu zilikushinda zamani.

Anayetaka kukata vipande kwa usalama, basi azipe kona zote kwa mbele na nyuma. Vipande virefu vitakuwa 14 kwa 2, yaani 28 kila kimoja. Vya ubavuni vitabaki 6 kwa 2, yaani 12 kila kimoja. Jumla ni 28, 28, 12 na 12, ambayo ni 80. Au azitenge kona kabisa: 64 ya pande, na 16 ya kona. Ni 80 ile ile.

Jambo hili la kona si geni kwetu tunaosoma Biblia. Fungueni Kutoka 27, kuanzia mstari wa 9, mahali Musa anapopewa vipimo vya ua wa maskani. Upande wa kusini ni dhiraa 100 wenye nguzo 20, na wa kaskazini vivyo hivyo. Magharibi ni dhiraa 50 wenye nguzo 10. Mashariki nako ni dhiraa 50, nguzo 3 upande mmoja wa mlango, 3 upande wa pili, na 4 za mlango wenyewe, jumla 10. Mzingo mzima ni dhiraa 300, na nguzo zote ni 60. Gawanya, utaona kutoka nguzo hadi nguzo ni dhiraa 5. Sasa mwambie mtoto azichore. Kama ataweka nguzo kwenye kona zote mbili za upande wa kusini, kisha kwenye kona zote mbili za magharibi, na kadhalika, hesabu itamkataa, kwani nguzo ya kona itakuwa imehesabiwa na pande mbili. Hesabu inakubali pale tu kila upande unapochukua kona moja na kumwachia jirani yake nyingine.

Shikeni hilo la kila upande kuchukua kona moja, maana ndilo lililokuwa kwenye daftari la binti.

Nilimwuliza, "Mwanangu, hii arobaini umeitoa wapi?" Akamtazama mama yake kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwenye mashuka." Mama yake hushona mashuka yenye pindo la kitambaa cha rangi nyingine. Anapokata pindo hakati vipande viwili virefu mpaka mwisho na viwili vifupi katikati. Kila kipande huanzia ukingo wa shuka na kwenda kukutana na mwenzake, kinachukua kona moja, kinaacha nyingine. Basi mtoto amelitazama swali la baraza akaona shuka. Kipande kirefu ni 10 na kona moja, yaani 12. Kifupi ni 6 na kona moja, yaani 8. Ukiviunga vyote vinne kwa mstari mmoja unapata pindo moja lenye urefu wa 12, 8, 12 na 8, ambao ni 40. Upana wake ni 2. Eneo ni 40 mara 2.

Mama yake alikuwa amesimama pale na mkoba wake, hakusema neno. Mtoto hakukisia hata kidogo. Alilijibu swali kwa kitu alichokiona nyumbani kila siku, na aliyemfundisha ni yule anayesema hesabu zilimshinda.

Njia hiyo ina sura nyingine inayofaa kuandikwa kwenye mtihani. Fikiria mtu anatembea juu ya baraza, katikati kabisa, mita 1 kutoka ukutani na mita 1 kutoka ukingo wa nje. Akizunguka mara moja amepita kwenye mstatili wa 12 kwa 8, na mzingo wake ni 40. Kwa hiyo chukua mzingo wa mstari wa katikati, zidisha kwa upana wa baraza. Jibu linatoka moja kwa moja.

Wala msidhani ni ujanja wa mistatili peke yake. Tuseme kuna bwawa la samaki la duara lenye nusu kipenyo cha mita 5, limezungukwa na sakafu ya saruji yenye upana wa mita 4. Tafuta eneo la sakafu, tumia 22/7. Nusu kipenyo cha nje ni 9. Mtoto wa kutoa ataanza kuzidisha 22/7 kwa 81, kisha 22/7 kwa 25, na zote mbili hazigawanyiki kwa 7. Atahangaika na sehemu mpaka jasho limtoke. Mwerevu zaidi atatoa kwanza, 81 toa 25 ni 56, halafu 22/7 mara 56 ni 176. Naye binti wetu atatembea katikati ya sakafu, mita 2 kutoka majini, nusu kipenyo chake ni 7. Mzingo wa duara hilo ni 2 mara 22/7 mara 7, ambao ni 44. Zidisha kwa upana wa 4, ni 176. Ameshamaliza, anaendelea na swali lingine.

Hata hivyo kila njia ina mpaka wake, na mtoto aambiwe. Njia ya pindo inataka upana uwe ule ule pande zote. Chukueni kanga mliyojifunga. Pindo za kanga nyingi hazilingani. Za ubavuni huwa na upana wake na za juu na chini upana mwingine. Tuseme kanga ina sentimita 150 kwa 110, pindo za ubavuni zina upana wa 20, za juu na chini 15. Ukitaka kutembea katikati na kuzidisha kwa upana, utazidisha kwa upana upi? Hapo rudi kwenye kutoa: mji wa kanga ni 110 kwa 80, yaani 8,800, kanga nzima ni 16,500, pindo ni 7,700. Au kata vipande: vya ubavuni 20 mara 110 ni 2,200 kila kimoja, vya juu na chini 15 mara 110 ni 1,650 kila kimoja, jumla 7,700. Tandikeni kanga kwenye mkeka usiku mmoja mpime kwa futi ya fundi. Itawasaidia kuliko karatasi kumi za maswali.

Kwa nini nasisitiza njia zaidi ya moja? Wauguzi mnajua. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, na daktari ameandika mtoto apate miligramu 180. Nitahesabu 180 gawanya kwa 120 mara 5, nipate mililita 7.5. Halafu mwenzangu atahesabu kwa namna yake: kila mililita ina miligramu 24, na 180 gawanya kwa 24 ni 7.5. Tukikubaliana, mtoto anapewa. Tusipokubaliana, chupa inabaki mezani mpaka tujue nani kakosea. Kurudia hesabu kwa njia ile ile hakusaidii sana, kwani kosa lililokupita mara ya kwanza hukupita tena.

Kwenye chumba cha mtihani ni vivyo hivyo. Mtoto aliyepata 80 kwa kutoa, na akapata 80 kwa pindo, anasiliba kwa mkono usiotetemeka. Na kama amepata 80 huku na 96 kule, anajua kona zimemponyoka mahali, naye ana muda wa kuzitafuta.

Sasa tuje kwa mwalimu, maana kesi hii haikuishia kwenye daftari. Nilimwambia mama asimwambie mtoto kwamba mwalimu hajui. Mtoto akishaambiwa hivyo, hata yale mazuri ya mwalimu yanaingia sikio moja na kutokea lingine. Tena mwalimu ana hoja. Mtihani wa hisabati wa darasa la saba ulipokwisha kuwa wa kuchagua majibu matupu, baadaye maswali machache ya kuonesha njia yalirudishwa. Msahihishaji hayupo nyumbani kwenu, hajawahi kuona mashuka ya mama. Akiona 40 imeanguka kutoka mbinguni, atampa alama kwa lipi? Kwa hiyo binti anapaswa kuandika mistari miwili zaidi: urefu wa mstari wa katikati ni mita 10 jumlisha 2, sawa na 12, na upana ni mita 6 jumlisha 2, sawa na 8, mzingo ni 2 mara 20, sawa na 40, eneo ni 40 mara 2. Achore na picha ndogo pembeni. Mistari hiyo ndiyo inayomtofautisha na aliyechungulia kwa jirani.

Na mama aende kwa mwalimu, aende mwenyewe, jioni kabla ya kipindi, bila sauti ya juu. Asiseme "umemwonea mwanangu." Amwombe binti amwoneshe mwalimu kile kipande cha shuka na alivyopata 40. Walimu wengi ninaowajua hupenda kuoneshwa kitu. Wasichopenda ni kushtakiwa mbele ya watoto.

Kwa baba wa nyumba ile nilipendekeza njia ya mtu asiyeamini maneno. Daftari la hesabu lina miraba midogo. Chora mstatili wa miraba 14 kwa 10, ndani yake, ukiacha miraba miwili kila upande, chora wa 10 kwa 6. Mpe baba kalamu ya risasi ahesabu miraba ya nje ya ule mdogo, mmoja mmoja. Itamchukua dakika chache. Atafika 80, na hatakuwa na haja ya kumwuliza mtu kama binti alikisia. Nimesikia kwamba alihesabu mara mbili, na kwamba fedha ya tuisheni imetoka.

Neno moja kwa wenzangu mnaosema mliishia la saba. Katika shule zetu za msingi za serikali mzingo bado ni mzingo, na eneo bado ni eneo, kama mlivyosoma ninyi kwa Kiswahili. Hapo ndipo mahali mnapoweza kukaa na mtoto na kuelewana. Akifika kidato cha kwanza maneno yote yatageuka kuwa ya Kiingereza kwa siku moja, na aliyekariri maneno matupu atapotea, lakini aliyeona baraza na kanga na shuka ataitambua ile baraza hata ikiitwa kwa jina jingine. Tumieni muda huu mlio nao.

Kwa jioni zenu za mwezi huu, nawaachia swali moja. Ukumbi wa kanisa una urefu wa mita 20 na upana wa mita 12. Sakafuni, kwa ndani, vigae vyekundu vimepangwa kuuzunguka ukuta wote kwa upana wa mita 1. Tafuta eneo la vigae vyekundu.

Angalieni, safari hii pindo liko ndani, kwa hiyo vipimo vinapungua badala ya kuongezeka. Mtoto akileta 68, amepanga vigae nje ya ukuta. Akileta 56, kona nne amezisahau. Akileta 64, amezilipia mara mbili. Akileta 60, mwulize aliipataje, kisha mwombe aipate tena kwa njia nyingine.